Mawe Saba ya Chokaa

Inspekta Wenceslas Baharanyi alikuwa mwana wa Anastase, karani wa misheni aliyeandika daftari la ubatizo kwa miaka thelathini na mmoja bila kufuta jina hata moja. Anastase naye alikuwa mwana wa Balagizi, aliyechunga ng'ombe wa watu wengine katika milima ya Masisi, na hakuna mwenye ng'ombe aliyewahi kusimama mbele ya chifu kumdai ndama. Balagizi huyo, kila alipoteremsha kundi kuelekea ziwani, kwenye nchi ya mawe meusi ya volkano, alitangulia mbele na kijinga cha moto mkononi. Alipofika penye bonde dogo aliinama na kukiteremsha kijinga chake taratibu. Kikiendelea kuwaka, alipita. Kikizimika, aligeuza kundi lote, hata kama ng'ombe walikuwa na kiu ya siku mbili. Watu wa ukoo huo hawakuwa matajiri, lakini walipoingia mahali, wenyeji walisogeza kiti.

Hayo Wenceslas hakumsimulia mtu asiyeuliza. Aliyabeba kama alivyobeba kofia ya baba yake, kofia ya kijivu yenye ukingo mpana, ambayo wakubwa watatu wa polisi waliofuatana walishindwa kumvua.

Jumatatu hiyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, alipita mlangoni pa ofisi yake na kumkuta mwanamke ameketi juu ya jiwe, sufuria ya maharage imefungwa kwa kitambaa mapajani. Alikuwa Clarisse, mke wa Ruffin. Mumewe, kiongozi wa watembezi, mtu wa miaka thelathini na baba wa watoto wawili, alikuwa amelala usiku wa pili juu ya saruji ya mahabusu. Mwanamke alisimama. Alijua hesabu kama inspekta mwenyewe alivyoijua: sheria ilitoa saa arobaini na nane, nazo zingekwisha asubuhi hiyo saa nne. Ikifika saa nne, ama mlango ufunguliwe, ama Ruffin apelekwe kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kumwua mwalimu Bénédicte. Na Goma nzima inajua mtu maskini hukaa gerezani muda gani kabla faili lake halijafunguliwa na mtu yeyote.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi, watembezi kumi na wawili waliondoka ufukweni Kyeshero saa kumi na mbili asubuhi, Ruffin akiwaongoza, kwa ile njia ya miguu inayofuata ukingo wa ziwa hadi kwenye ziwa dogo la kijani chini ya Mugunga. Walifika kumi na mmoja. Ruffin alirudi mbio peke yake kumtafuta wa kumi na mbili. Waliomfuata nyuma walimkuta anamburuta mwalimu Bénédicte juu ya mawe kwa mti wenye ndoano ulionasa kifundo cha mkono wake, kama mtu anayevuta gogo. Mwalimu alikuwa amekwisha kufa. Wakapiga kelele kwamba Ruffin ni muuaji, na kama si polisi kufika, wangemwua.

Lakini kabla polisi hawajafika, baadhi yao walikuwa wamepata wasaa wa kujipiga picha, maiti ikiwa nyuma yao. Wenceslas aliziona picha hizo katika simu nne. Baada ya simu ya nne alitoka nje akanawa mikono kwa sabuni, ingawa hakuwa amegusa kitu isipokuwa vioo.

Daktari aliandika kwamba hakuna pigo, hakuna dalili ya kunyongwa, hakuna maji mapafuni. Michubuko ya kifundo cha mkono haikuvimba wala haikuvuja damu. Ilitokea baada ya moyo kusimama. Ruffin, katika mahojiano mawili, alirudia neno moja: mazuku. Ndiyo ile hewa isiyo na harufu wala rangi inayopumuliwa na nyufa za mawe ya volkano, inalala mabondeni usiku kucha na kumchukua kila anayeinama ndani yake, hata jua lipande na upepo wa ziwa uifagie. Mwenye agence, ile kampuni ya matembezi iliyomwajiri Ruffin, bwana Rémy, aliandika kinyume chake katika malalamiko yake. Kwamba njia nzima haina mazuku kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwamba Ruffin na mwalimu walikuwa wamerushiana maneno njiani. Kwamba alama za mkononi zinajieleza zenyewe.

Mmoja wa watu hao wawili alikuwa mwongo. Wenceslas aliamua kuitembea njia kwa miguu yake, saa zile zile za Jumamosi, na mlalamikaji akiwa ndiye kiongozi wake.

Rémy alifika ufukweni kwa kuchelewa robo saa, viatu vyeupe, manukato yaliyotangulia hatua kumi, akitafuna sambusa iliyochuruzika mafuta kwenye vidole. Alimpa inspekta mkono ule ule. Wenceslas aliutazama, akagusa ukingo wa kofia yake badala ya kuushika.

"Muzee, tungengoja kidogo," Rémy alisema. "Saa hizi iko baridi, mawe inateleza. Twende saa sita, jua ikiwa mzuri. Hata picha zinatoka muzuri."

"Mwalimu hakufa saa sita."

"Mi nasema tu kwa afya yako, papa. Hauko mutoto."

"Tangulia," alisema Wenceslas.

Nyuma yao alifuata polisi Lévi, mtu wa makamo asiyependa maneno, akiwa na kamera ya ofisi na mfuko wa turubai.

Jua lilikuwa limechomoza upande wa Rwanda na ziwa lote lilikuwa linang'aa kama sinia lililosuguliwa kwa majivu. Kwa mtu asiyetazama chini, hakuna matembezi mazuri kuliko hayo: maji upande wa kushoto, mashamba ya ndizi juu ya mawe meusi upande wa kulia, na mbele kabisa vilima vya Sake vyenye rangi ya moshi. Wenceslas alitazama chini. Aliona njia ambayo babu zake waliipita na mifugo wakiwa wanne sambamba, sasa imebanwa kati ya kuta mbili za matajiri hadi mtu anatembea ubavu ubavu. Aliona mabomba yaliyopenyezwa chini ya kuta hizo yakitapika uchafu wa vyoo moja kwa moja ziwani, hatua ishirini kutoka mahali wanawake wanapochota maji. Alitoa leso akaziba pua. Rémy aliruka mfereji ule wa uchafu kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akageuka kuonyesha mandhari kwa mkono, akaeleza kwamba wageni huita sehemu hii pwani ya jua, na kwamba Jumamosi ijayo zimebaki nafasi sita tu.

Inspekta alikuwa amekwisha kuliona tangazo hilo. Lilitolewa Jumamosi jioni. Mistari miwili ya juu ilikuwa rambirambi kwa mwalimu Bénédicte, na mistari mitatu ya chini ilikuwa saa ya kuondoka na namba ya simu.

Baada ya kuta, njia ilipanda kwenye uwanda wa mawe, na hapo alama zilianza. Kila hatua hamsini kulikuwa na jiwe lililopakwa chokaa, kuwaonyesha watembezi pa kupita. Wenceslas alichuchumaa kwenye la kwanza, goti likalia. Chokaa ilikuwa hafifu, imeliwa na mvua, ikatoka kidoleni kama unga. Jiwe la pili lilikuwa vivyo hivyo. La tatu pia.

Rémy aliona anachofanya, akacheka. Alieleza kwamba hiyo ni kazi ya Ruffin, mvivu tangu tumboni mwa mama yake. Anakoroga chokaa na maji matupu, anapaka, mvua moja inakuja kuosha. Kila mwezi anarudia. Amekwisha kumwonya mara ngapi.

"Wewe ungefanyaje?" Wenceslas aliuliza, akijipangusa kidole.

"Utaona yangu, papa. Iko mbele hapa."

Na kweli, mwendo wa nusu saa baadaye, waliona mawe ya mpaka yaliyosimama imara, meupe pe, yakimeremeta juani. Kilikuwa kiwanja cha Rémy, kipana, kinachoteremka kuelekea majini. Mbuzi sita walikuwa wamelizunguka jiwe moja la mpaka wakililamba kwa bidii, ndimi zikikwaruza. Kando yao alisimama bibi mmoja mwenye mgongo ulionyooka, kitenge kimefungwa kiunoni mara mbili, mkononi ameshika upembo, ule mti mrefu wenye ndoano wa kuangulia maparachichi. Nyumba yake ya mbao ilikuwa nyuma yake.

Alijitambulisha kuwa mama Léonie. Alimwamkia inspekta kwa heshima ya mzee kwa mzee. Rémy alimpita kwa macho.

"Mbuzi zako wanakula mipaka yangu kila siku," Rémy alimwambia.

"Si wanakula. Wanalamba," alijibu bibi. "Wewe umewawekea chakula, sasa unawasimanga."

Wenceslas aliusogelea ule mpaka, akawasukuma mbuzi kwa fimbo yake. Alilamba ncha ya kidole, akakipitisha juu ya chokaa, akakirudisha ulimini. Kisha akageuka pembeni, akatema mate.

"Ina chumvi," alisema.

Hapo Rémy alifurahi, maana alikuwa amepata mtu wa kumsifu. Alieleza kwa urefu. Fundi mmoja wa Bukavu ndiye aliyemfundisha: kilo mbili za chumvi kwa ndoo moja ya chokaa, uache ilale usiku mzima, kisha upake. Haitoki kwa mvua wala kwa kidole. Katika pwani yote hii hakuna mwingine anayeijua siri hiyo. Anakoroga kwa mikono yake mwenyewe, hamwachii mfanyakazi, kwa sababu wafanyakazi wanaiba chumvi.

"Kwa mikono yako mwenyewe," Wenceslas alirudia.

"Mwenyewe, papa. Chokaa yangu inajulikana."

Inspekta alimgeukia Lévi, akamwambia aandike maneno hayo kwenye kijitabu kama yalivyosemwa, pamoja na saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Kisha akamwomba mama Léonie afuatane nao na mbuzi wake. Bibi hakuuliza kwa nini. Rémy ndiye aliyeuliza, na hakujibiwa.

Walipofika njia panda, Wenceslas alisimama katikati akaiga macho ya mgeni. Upande wa kushoto njia ilipanda mgongo wa mawe, kali, yenye jua, na jiwe moja la chokaa iliyochujuka. Upande wa kulia iliteremka polepole kwenye bonde lenye kivuli na majani mabichi, na hapo mawe meupe yalikuwa saba, mapya, yamepangwa kama watoto wa kipaimara. Mtu mwenye akili timamu, aliyechoka, aliyeachwa nyuma na kiongozi mwenye haraka, angepita wapi? Wale kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kueleza jambo hilo bila kujua kwamba wanalieleza: mwalimu alimlalamikia Ruffin kwamba anakimbia, akabaki nyuma kutoa kokoto kiatuni. Hayo ndiyo maneno waliyorushiana. Bonde lilimpa kivuli na jiwe la kukalia. Angesimama, pengine kichwa chake kingebaki juu ya hewa ile. Lakini alikaa.

Wenceslas hakulazimika kuendelea kufikiri, kwa maana mbuzi walimtangulia. Waliyapita mawe yote ya njia kuu bila kuyatazama. Walipoona yale saba walikimbia, wakaanza kuyalamba mawili ya juu, yaliyo mdomoni mwa bonde. Mama Léonie aliwazuia kwa upembo wasiteremke kwa yale matano mengine.

Mawe yale mawili hayakuwa meupe tena pande zote. Mahali ndimi zilipopita kwa siku mbili, chini ya chokaa palitokeza rangi nyekundu, nyekundu ya damu ya ng'ombe. Lévi alipiga picha bila kuambiwa. Wenceslas alitoa kisu kidogo akakwangua la tatu kwa kunyoosha mkono: nyekundu.

Hakuna mtu wa upande huo asiyeijua maana ya jiwe jekundu. Wazee wa Mugunga waliyapaka mawe hayo zamani, baada ya kuzika watoto wawili waliokwenda kukata majani ya sungura. Jiwe jeupe husema pita. Jekundu husema rudi. Mtu aliyachukua yale yaliyosema rudi, akayafundisha kusema pita.

"Haya ni ya Ruffin," Rémy alisema upesi. "Alipaka bila kuniuliza."

"Ruffin anayekoroga maji matupu?"

Rémy alijipangusa vidole kwenye suruali.

"Tuseme hivyo," alisema Wenceslas kwa sauti ile ile. "Wewe uliandika kwamba njia hii haina mazuku. Na hapa pia hakuna?"

"Hakuna, papa. Ni hadithi za vijijini. Batu banaogopesha wanunuzi bure."

Wenceslas alivua kofia ya baba yake. Aliishika kwa ukingo, akairusha kwa mkono wa chini, nayo ikaelea, ikatua katikati ya bonde, juu ya majani, karibu na jiwe la mwisho. Palikuwa na mwendo wa hatua nane tu.

"Niokotee," alisema.

Upepo haukuwepo. Mama Léonie aliweka upembo begani, akatazama. Rémy alitabasamu kama mtu aliyesikia mzaha, akatazama kofia, akatazama viatu vyake vyeupe, akatazama kofia tena. Alisogeza mguu mmoja hadi kwenye jiwe la kwanza. Lévi, kwa ishara ya inspekta, alikuwa amekwisha kumkaribia nyuma, tayari kumdaka mkanda. Haikuwa lazima. Mguu ulirudi.

"Nitakununulia ingine, muzee. Mpya. Ya Ulaya."

"Sitaki mpya. Nataka ile. Ni hatua nane, wewe ni kijana, na mahali hapa hapana kitu. Umeandika hivyo kwa mkono wako na kutia sahihi."

"Basi tungoje jua ipande."

"Kwa nini jua lipande?"

Rémy alirudi nyuma hatua moja. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na manukato yake yalichanganyika nalo yakawa harufu nyingine.

Ndipo mama Léonie aliposema, bila kupandisha sauti. "Rémy, mutoto wa Julie. Mama yako alikubeba mugongoni kupita hapa akienda kuuza samaki, na mimi nilikuwa nyuma yake. Kila siku alipita kule juu kwenye jua, na mutoto na mzigo. Hata siku moja hakupita hapa chini. Leo unajifanya mutu wa mjini usiyejua mawe ya kwenu?"

Inspekta alimwomba bibi aseme yote. Alisema. Ijumaa magharibi alimwona Rémy hapa na ndoo na brashi. Jumamosi Ruffin alikuja kwake anahema, akaomba upembo, akisema kuna mama amelala bondeni. Alimpa upembo huu huu. Mchana wa siku hiyo, maiti ikiwa bado njiani kwenda mjini, gari jeupe lilikuja na mnunuzi, akatembezwa kiwanjani hadi mpaka wa bonde, akasifiwa kivuli. Jioni Rémy alimwambia kwamba nyumba yake ya mbao imo ndani ya mipaka, na kwamba mtu mwenye nyumba isiyo na hati hufanya vizuri akifunga mdomo. Jana alfajiri mbuzi wake mmoja aliteremka kulamba, hakurudi. Alimtoa kwa upembo.

"Kwa nini hukuja polisi, mama?"

"Niliogopa kwa nyumba yangu," alisema. "Na polisi walipita hapa mara mbili. Hakuna aliyeniuliza."

Wenceslas aliipokea aibu hiyo kwa niaba ya ofisi yake, akaagiza nayo iandikwe. Kisha akasokota shada la majani makavu, akaliwasha kwa kiberiti, akalifunga kwenye ncha ya fimbo. Moto ulikuwa mzuri, mrefu, wa rangi ya chungwa. Aliunyoosha juu ya bonde akauteremsha taratibu, kama ulivyoteremshwa mahali hapo na mkono mwingine miaka mingi iliyopita. Ulipofika usawa wa goti la mtu ulifupika. Ulipofika usawa wa kiatu ulikufa, si kwa kufifia, bali kwa mara moja, kama uliotumbukizwa majini, na moshi wake ukatambaa juu ya majani ukiwa mzito, usitake kupanda.

Aliazima upembo, akapiga goti ukingoni akiwa na kichwa juu, akainasa kofia, akaiburuta juu ya mawe hadi miguuni pake. Ukingo wa kofia ulikuwa umechubuka mahali ndoano ilipoushika. Alimwonyesha Lévi.

"Piga picha. Weka pamoja na ile ya mkono wa marehemu. Hivi ndivyo anavyotolewa mtu kwenye mazuku na yeyote anayetaka kubaki hai. Ruffin hakumburuta kama mnyama. Alimtoa kwa njia pekee iliyopo."

Rémy alikuwa ameketi juu ya jiwe la njia kuu, ameshika kichwa. Alianza kusema mwenyewe, haraka, kama mtu anayetapika. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi hiyo moja tu. Angeona mawe mekundu mpakani angeondoka. Watembezi walikuwa na kiongozi, angewezaje kujua kwamba mmoja atabaki nyuma?

"Ni siku mbili tu, papa. Leo Jumatatu ningepaka tena nyekundu. Kopo la rangi iko kwa gari, nilishanunua. Nenda uangalie."

Wenceslas alikuwa amesikia mengi katika miaka thelathini na minne ya kazi: mtu aliyemwua ndugu yake kwa mpaka wa shamba, mwanamke aliyeuza dawa za unga wa muhogo. Lakini hao hawakumwonyesha kopo la rangi wakitegemea shukrani. Alikung'uta kofia mara tatu juu ya goti lake, ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa.

"Ulikuwa unajua ni nini kimemwua tangu ulipoambiwa amekutwa wapi," alisema. "Ukachukua kalamu ukaandika jina la Ruffin. Simama. Usiniguse, tangulia tu."

Mawe mawili yaliingia katika mfuko wa turubai kama ushahidi. Walipanda hadi barabara ya Sake, wakachukua pikipiki tatu. Mama Léonie alipanda ya mwisho peke yake, ameketi upande kama malkia, upembo wake umesimama wima, na wenye pikipiki wote wa barabara hiyo walimpisha.

Saa mbili na dakika arobaini Wenceslas aliketi mezani akaandika PV yake, taarifa rasmi ya kurasa nne, kwa mwandiko wa shule ya mapadri, herufi zimesimama, hakuna neno lililofutwa. Mama Léonie alitia kidole gumba. Rémy alitia sahihi baada ya kusomewa mara mbili. Saa nne kasoro dakika mbili mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Ruffin alitoka akipepesa macho, shati limegandamana mgongoni. Clarisse alifungua kitambaa cha sufuria, akakifunga tena, akakifungua. Maharage yalikuwa yamepoa.

"Ukishakula uje hapa," inspekta alimwambia Ruffin. "Sijamaliza nawe."

Uani walikuwa wamekusanyika viongozi wenzake watano na baadhi ya wale watembezi wa Jumamosi, waliokuja kusikia Ruffin akipelekwa gerezani na sasa walikuwa wameinua simu kumpiga picha akitoka. Wengine walikuwa wale wale waliojipiga picha na maiti. Wenceslas alisimama kizingitini. Hakupaza sauti.

"Ziwekeni chini."

Simu zilishuka, isipokuwa moja. Aliitazama hadi nayo ikashuka.

"Rémy atajibu kwa hakimu. Ninyi mtajibu kwangu. Ruffin, ulipita mbele ya mawe saba yaliyobadilika rangi usiyaone, kwa sababu njia umeizoea na ulikuwa na haraka. Aliyekwambia polepole ulimwona msumbufu. Hukumwua, lakini utamkumbuka kila ukifika pale, na ni haki yako umkumbuke. Na ninyi wengine: mtu mzima alilala chini amekufa, na kati yenu kumi na mmoja hakuna aliyemfunika hata kwa kitenge. Mliona mtu anatumia upembo, jambo ambalo mbuzi wa bibi huyu angewaeleza maana yake, mkataka kumwua. Wengi wenu mmezaliwa juu ya mawe haya. Nani kati yenu amewahi kumwuliza babu yake rangi hizi zinasema nini?"

Ruffin alikuwa ameinamisha kichwa, kijiko mkononi.

Inspekta aliingia ndani, akatoka na kopo la rangi nyekundu, lile lililobaki walipopaka lango la ofisi, na brashi mbili. Kopo la Rémy lilikuwa tayari limeandikwa namba na kuwekwa kabatini pamoja na mawe. Lile la lango aliliweka chini mbele ya miguu yao.

"Mawe mawili ni ushahidi, kwa hiyo mtatafuta mengine mawili ya ukubwa ule ule. Mnakwenda kwa miguu. Mama Léonie atawaonyesha pa kusimama na pa kutokanyaga, na atakachosema mtakifanya bila kuuliza mara ya pili. Saa kumi na moja jioni nataka mawe saba mekundu mdomoni mwa bonde lile. Nitakuja kuyahesabu mwenyewe."

Ruffin ndiye aliyeinama kwanza kulichukua kopo.